Bakelaiti, Pembe za Ndovu na Vidole vya Mjomba

Msomaji anayenifahamu kwa makala za bajeti, za katiba na za mikopo ya wanafunzi atanisamehe leo nikianza na gitaa. Ninalo la kusema juu ya sera pia, lakini nitalifikia kwa njia ndefu, na sehemu kubwa ya njia hiyo inapita Tabora.

Mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mama, amevuka miaka themanini na anaishi Ng'ambo, mjini Tabora. Katika miaka ya 1960 alipiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya mji ule, bendi ambayo haikuwahi kupata jina kubwa. Wasikilizaji wa muziki wa dansi wanaijua Tabora kwa Kiko Kids Jazz ya Salum Zahoro, kwa Nyanyembe Jazz na kwa Tabora Jazz, waliotuachia wimbo wa Dada Asha. Bendi ya mjomba ilikuwa chini ya hizo kwa vyombo na kwa umaarufu. Ilipiga kwenye harusi, kwenye sikukuu za vyama na kwenye kumbi zilizokosa nafasi ya kuwaalika wakubwa.

Kwa miaka mingi sasa mjomba hapigi. Baridi yabisi imemkunja vidole vya mkono wa kushoto, na gitaa la kawaida halina huruma na mkono wa namna hiyo: lazima ubonyeze nyuzi kwa ncha za vidole, tena kwa nguvu. Nilipokwenda likizo mwaka jana nilimkuta ameketi barazani, gitaa lake limetundikwa ukutani bila nyuzi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilifungua simu nikamsikilizisha muziki wa kale wa Kihawai uliopigwa kwa gitaa la bakelaiti. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Ulipokwisha aliniambia, "Mjomba, hiyo si sauti ya vidole. Huyo mtu habonyezi. Anapitisha chuma."

Alikuwa amesema kweli, na makala hii yote imetoka katika sentensi hizo tatu.

Nieleze kwanza nililijuaje gitaa hilo. Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya uzamili, niliingia siku moja ya mvua katika duka la vyombo vya muziki vilivyotumika. Juu ya meza kulikuwa na kitu cheusi, kidogo kuliko gitaa, chenye mabamba ya chuma yanayong'aa kama bampa la gari la zamani. Nilikinyanyua, nikashangazwa na uzito wake. Mwenye duka, mzee mpole, aliniambia nisugue ubavuni kwa kidole gumba hadi papate joto, kisha ninuse. Nikasugua, nikanusa. Ilikuwa harufu ya dawa ya kaboliki, ile ya wodi za hospitali za zamani. Ilikuwa pia harufu ya simu ya ofisini kwa baba.

Baba alikuwa karani wa reli, na sisi tulikulia katika kota za reli, karibu na stesheni ya Tabora. Mezani kwake palikuwa na simu nyeusi iliyoachwa na Waingereza, nzito, yenye mkono ambao mtoto hakuruhusiwa kuugusa. Katika mchana wa joto wa mwezi wa Oktoba simu ile ilitoa harufu hafifu ambayo sikuwahi kujua jina lake. Swichi za taa za kota zetu zilikuwa za kitu hicho hicho, na redio ya jirani pia. Nilikwenda hadi Uingereza ndipo nikajulishwa kwamba nimekulia ndani ya bakelaiti.

Bei ya gitaa lile ilizidi posho yangu ya miezi miwili. Sikulinunua. Lakini mwenye duka alinipigia, akanieleza limeundwaje, na niliyoyasikia siku ile ndiyo niliyoyarudia kuyasoma kwa miaka.

Bakelaiti ni plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kabisa kwa kemikali. Aliyeibuni ni Leo Baekeland, Mbelgiji mzaliwa wa Ghent aliyehamia Marekani. Aliomba hataza yake mwaka 1907 na akaitangaza kwa wanasayansi mwaka 1909. Hutengenezwa kwa fenoli na fomaldehaidi, na kwa kawaida huchanganywa na unga wa mbao ili isiwe tete kupita kiasi. Mchanganyiko huo hutiwa katika kalibu ya chuma, ukabanwa kwa nguvu huku ukipashwa joto. Ukishaganda hauyeyuki tena. Ukiuangusha sakafuni, unaweza kupasuka kama chungu.

Gitaa lenyewe lilitolewa na kampuni ya Electro String ya Los Angeles, iliyouza vyombo vyake kwa jina la Rickenbacker, kuanzia mwaka 1935. Kabla yake kampuni hiyo ilikuwa na gitaa la alumini, lenye mwili wa duara na shingo ndefu, ambalo watu walilibandika jina la Kikaango. Lile la alumini lilikuwa na kasoro moja: chini ya taa kali za jukwaani chuma kilipata moto kikatanuka, na nyuzi zikapoteza sauti zilizopangiwa katikati ya wimbo. Bakelaiti ilitulia zaidi. Mwili wake ulifinyangwa ukiwa na mashimo ndani, kisha mashimo hayo yakafunikwa kwa mabamba yaliyopakwa kromu, ndiyo yale yaliyonikumbusha bampa. Shingo, nayo ya bakelaiti, ilifungwa kwa skrubu. Nyuzi zilipita ndani ya mwili kutokea nyuma. Na mistari ya shingoni, ambayo katika gitaa la kawaida ni vijiti vya chuma vya kukatia sauti, hapa ilikuwa michirizi iliyoinuka kidogo na kupakwa rangi nyeupe, ya kuongoza jicho tu. Mpigaji hulilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi bila kuzigandamiza hadi shingoni.

Moyo wa chombo ulikuwa kinasa-sauti chake, ambacho mafundi wetu hukiita pikapu. Sumaku mbili zenye umbo la kwato ya farasi zilielekezana, na nyuzi zikapita katikati yake kama treni katika handaki. Uzi wa chuma ukitikisika ndani ya sumaku, huamsha umeme mdogo katika koili ya waya iliyo chini yake, na amplifaya huukuza umeme huo. Kwa hiyo kisikilizwacho ni mtikisiko wa uzi wenyewe. Katika gitaa la mbao nyembamba, mwili wa gitaa hunyang'anya nguvu ya uzi upesi na kuitupa hewani: sauti hutoka kubwa, ikafa mapema. Mwili mgumu na mzito hauchukui nguvu nyingi, na uzi hubaki ukiimba muda mrefu. Ndiyo maana chuma kikitelezeshwa, sauti inaweza kupanda, kushuka na kutetemeka kama koo la mtu anayeomboleza, bila kukatika.

Sasa niirudishe habari hii Tabora.

Mtu anayesoma historia ya plastiki hukutana na pembe za ndovu katika ukurasa wa kwanza. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya biliadi huko Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kutengenezea mipira badala ya pembe, kwa sababu pembe zilikuwa ghali na upatikanaji wake ulitia shaka. John Wesley Hyatt alijibu kwa seluloidi, na baadaye mipira ya biliadi ikatengenezwa kwa bakelaiti. Pembe zenyewe zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, katika nusu ya pili ya karne ile, zilitoka Afrika Mashariki na Kati kupitia Unguja. Na njia kuu ya kuzifikisha pwani ilikuwa hii yetu: Ujiji, Tabora, Bagamoyo.

Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya sasa, Novemba 1857, walikuta mji wa biashara uliokwisha kujengwa na Wanyamwezi na Waarabu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya karibu frasila mbili, kama kilo 32, juu ya bega, kwa safari ya miezi hadi pwani. Pembe kubwa ilibebwa na mtu mmoja, au ikafungwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Wengi wa wapagazi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na waliojivunia kazi yao; lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, na hatuna haki ya kuimba sifa za misafara tukiwasahau. Kutoka Unguja pembe zilivuka bahari hadi miji kama Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, zikachongwa kuwa vibao vya kinanda. Binti wa tajiri aliyejifunza kinanda New York mwaka 1880 aliweka vidole vyake juu ya kitu ambacho huenda Mnyamwezi alikibeba begani.

Seluloidi na bakelaiti hazikumaliza biashara ya pembe. Tembo wetu ni mashahidi. Ninachotaka kukionyesha ni mpangilio wa mambo. Sisi tulitoa malighafi na mabega. Wengine walitengeneza kinanda. Malighafi ilipokuwa ghali, wao hao walibuni mbadala wake, na mbadala huo nao ukaturudia ukiwa simu, swichi na redio, tukaununua.

Wenyeji wa Hawaii wana hadithi inayofanana na yetu kwa namna inayonitisha kidogo. Ufundi wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa ulizaliwa kwao mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni kijana aliyeitwa Joseph Kekuku. Januari 1893 malkia wao, Liliuokalani, alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara waliosaidiwa na wanamaji wa Marekani. Januari hiyo hiyo ya 1893, Wajerumani waliivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, hapa Tabora. Isike akaamua kujilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Falme mbili zilizotenganishwa na nusu ya dunia zilianguka ndani ya mwezi mmoja. Ni sadfa, sidai zaidi ya hapo. Lakini angalia kilichofuata. Muziki wa Kihawai ulipendwa Marekani nzima baada ya maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915, kumbi zikawa kubwa, gitaa likawa halisikiki, na haja hiyo ndiyo iliyozaa gitaa la umeme. Hataza ilitolewa mwaka 1937 kwa jina la George Beauchamp wa Los Angeles, na kwa haki, maana sumaku ile aliibuni yeye. Ufundi wa mkono, uliosababisha sumaku ibuniwe, haukuwa na hataza wala mwenye kuidai.

Nilipomweleza mjomba habari hizi alizisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kwa nini nimekwenda kuisikia sauti hiyo Ulaya wakati yeye aliisikia Tabora. "Ilikuwa sinema," alisema. "Picha za Kihindi. Msichana akilia, kile chuma nacho kinalia." Na hilo pia ni kweli. Gitaa la Kihawai lilipokewa India mapema, na kufikia miaka ya 1950 lilikuwa sehemu ya muziki wa filamu za Kihindi. Van Shipley alijipatia jina kwa kupiga nyimbo za filamu kwa gitaa la umeme la namna hiyo. Kwa upande wa magharibi nako, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Zacharie Elenga, aliyeitwa Jhimmy, alirekodi Léopoldville mwanzoni mwa miaka hiyo kwa mtindo uliopewa jina la Kihawai. Santuri za Kongo zilifika Kigoma kwa meli na Tabora kwa treni, kwenye reli ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya wapagazi. Kijana wa Tabora wa mwaka 1958, mwaka ule ule TANU ilipokutana mjini humo na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, aliweza kuisikia sauti ile kutoka mashariki na kutoka magharibi bila kuliona gitaa lenyewe.

Mjomba na wenzake hawakuwa na gitaa la Kihawai. Walichukua gitaa la kawaida, wakapitisha mpini wa kisu juu ya nyuzi, katika nyimbo mbili tatu za huzuni. Watu walipenda. Ndivyo Tabora ilivyokuwa ikifanya: Salum Zahoro naye alikishika chombo cha watu wengine, mandolini, akakipa nafasi ya mbele katika bendi ya dansi, hata leo anayezisikia Kiko Kids anazitambua kwa nyuzi hizo nyembamba kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mandolini ilikuwa ya Italia. Namna ya kuipiga ile ilikuwa ya Tabora.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Bendi ya mjomba iliwahi kurekodiwa, mara moja, katika miaka ya mwisho ya 1960. Nyimbo nne. Miaka kumi na tano iliyopita nilimwahidi kwamba nitazitafuta, na kwamba nitakuja na kinasa-sauti nirekodi zote anazozikumbuka, akipiga mwenyewe. Wakati huo vidole vyake bado vilifanya kazi. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma kuulizia; nikaambiwa kwamba baadhi ya kanda za zamani zilifutwa ili zitumike tena, na kwamba nisipokuwa na jina la bendi kama lilivyoandikwa wakati ule hakuna pa kuanzia kutafuta. Mjomba alinitajia majina matatu tofauti, kwa maana bendi ilibadili jina kila ilipobadili mfadhili. Nikasema nitarudi. Sikurudi. Kulikuwa na tasnifu, kisha kusahihisha mitihani, kisha vikao vya kamati, vitu vyote ambavyo msomi huviita kazi. Katika miaka hiyo walifariki mpiga besi na mwimbaji, na vidole vya mjomba vikajikunja.

Kwa hiyo aliposema "huyo mtu habonyezi", nilimwelewa kwa kuchelewa, usiku, nikiwa kitandani. Gitaa lisilohitaji kubonyezwa ni gitaa ambalo mkono wa baridi yabisi unaweza kulipiga.

Asubuhi nilikwenda Isevya kwa fundi seremala ninayemfahamu, mtengenezaji wa makabati na vitanda. Nilimchorea mchoro. Alicheka, akauliza kama ni ubao wa kukatia nyama, kisha akachagua kipande cha mninga kilichokaa karakanani mwake miaka kadhaa. Mninga tunauchukulia kwa mazoea kwa sababu tumelala juu yake tangu utotoni, lakini sifa yake kubwa inajulikana kwa kila fundi: ukikaushwa vizuri hausinyai wala kupinda kwa urahisi. Kutulia, sifa ile ile iliyomfanya mtu wa Los Angeles aache alumini achukue bakelaiti, imo katika mti unaoota katika miombo ya Tabora. Sisi tunausafirisha ukiwa mbao.

Kazi ilichukua siku tisa. Vichuma vya kukazia nyuzi tulivitoa katika gitaa lililokufa la kwaya moja. Pikapu ililetwa na basi kutoka Kariakoo. Kwenye kichwa cha shingo, pa kuinulia nyuzi, fundi aliweka kipande cha chuma cha engo. Chuma cha kutelezesha kilitusumbua: bomba la maji lilikuwa jepesi na lilikwaruza. Aliyetuokoa ni fundi magari wa jirani, aliyetupatia pini ya pistoni ya gari dogo, chuma kizito, laini kama kioo, chenye ukubwa wa kutosha kiganja.

Mara ya kwanza kiliunguruma tu. Tuligundua kwamba hatukuunganisha waya wa ethi kwenye chuma kinachobeba nyuzi. Tulipouunganisha, mngurumo ukapungua. Mara ya pili pini ilikuwa inagonga vijiti vya shingoni, kwa kuwa fundi, kwa mazoea, alikuwa amevipigilia kama vya gitaa la kawaida. Akaving'oa vyote, akachora mistari kwa rangi nyeupe. Sikumwambia kwamba watengenezaji wa gitaa la bakelaiti nao walikuwa na michirizi ya kutazama tu. Baadaye nilimwambia, akasema, "Basi na wao walikuwa mafundi."

Tulimpelekea mjomba Jumamosi jioni, pamoja na amplifaya ya kuazima kwa vijana wa kwaya. Aliliweka mapajani, akakaa nalo kimya. Alihangaika saa nzima kulipanga, mpaka nyuzi zote sita zikitoa kwa pamoja sauti moja iliyopatana. Alifunga pini katika kiganja kilichokunjika. Mkunjo ule, uliomzuia kushika hata kikombe vizuri, ulikuwa umbo kamili la kuishikia pini. Akaipitisha. Sauti haikuwa ile ya bakelaiti: ilikuwa kavu zaidi, na juu ilikuwa na ukali ambao hatukuweza kuuondoa. Lakini ilidumu, na ilikuwa inalia. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni hadi wimbo ukaisha.

Nilikaa wiki nzima zaidi ya nilivyopanga. Tulirekodi nyimbo kumi na moja kwa simu, barazani, kukiwa na majogoo na bodaboda. Katika nyimbo tano mjomba amebakiwa na lahani. Maneno yameondoka na mwimbaji. Kwa kila wimbo alitaja nani alitunga, nani alipiga nini, na ulipigwa wapi mara ya kwanza. Nimeyaandika majina yote. Siyaweki hapa kwa sababu familia nyingine bado hazijaulizwa, na majina ya watu si mali yangu ya kugawa.

Sasa niseme nililokusudia kulisema.

Tunapozungumzia viwanda na kuongeza thamani ya mazao, tunataja pamba, tumbaku, asali na madini, na tunafanya vizuri. Lakini thamani huongezwa kwanza na mtu anayejua kitu kimeundwaje na kwa nini kimeundwa hivyo. Gitaa lile jeusi la dukani nilikuwa nimelistaajabia miaka mingi kama mtalii. Siku nilipolazimika kumweleza seremala kwa nini mwili uwe mzito na kwa nini nyuzi ziinuliwe, ndipo nilipogundua kiasi gani sikulielewa, na kiasi gani yeye alikuwa analielewa tayari kwa kupitia mbao zake. Vyuo vyetu vina idara za fizikia na idara za sanaa za maonyesho ambazo hukutana kwenye mahafali tu. Karakana ya Isevya haina mgawanyo huo.

La pili ni la kumbukumbu. Tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, lakini kwa vitendo sheria humsaidia zaidi mtu mwenye jina. Wimbo ambao hakuna ajuaye aliyeutunga, unaoimbwa kwenye harusi kama wimbo wa kale, utarekodiwa kesho na kijana mwenye studio, na huenda asijitokeze wa kumdai. Kekuku angalau anatajwa. Wapagazi wetu, waliobeba pembe zilizopiga muziki wa dunia nzima, ni wangapi tunaowajua kwa majina? Historia imemhifadhi Stanley, imemhifadhi Livingstone na tembe yake ya Kwihara imekuwa makumbusho. Ni sawa, mgeni ahifadhiwe. Lakini wanamuziki wa miaka ya 1960 bado wako hai baadhi yao, wanakaa barazani, na hatuna kisingizio cha karne iliyopita.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wewe mwanafunzi unayerudi nyumbani likizo, mtafute mzee mmoja aliyepiga muziki, au aliyeendesha sinema, au aliyefanya kazi reli. Usimwombe hekima, muulize majina, miaka na mahali, urekodi kwa simu, umwachie nakala. Wewe ndugu uliye afisa utamaduni wa halmashauri, najua fungu lako lilivyo. Lakini daftari la majina ya bendi na wapigaji wake, lenye nakala moja maktaba ya mkoa, linagharimu daftari. Nanyi wanaharakati mnaodai vitu vyetu vilivyochukuliwa virudishwe kutoka makumbusho za Ulaya, madai ambayo nayaunga mkono, tujiulize vitakaporudi vitawekwa mikononi mwa nani, ikiwa hata vilivyobaki hapa hatujavihesabu.

Juzi mjomba alinipigia simu. Nilidhani amepata jina la bendi kama lilivyoandikwa kwenye kanda, maana nimeanza tena kulitafuta. Hakuwa na habari hiyo. Alisema uzi wa kwanza umekatika, ule mwembamba kuliko wote, na kwamba nikipata mtu anayekuja na treni nimpe nyuzi mbili, moja ya kuvika na moja ya akiba, kwa sababu kuna kijana wa jirani amekuja kujifunza na ana mkono mzito.